Mkono Mmoja Niliouhamisha

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu, na amani iwe kwenu nyote. Kabla sijafika mbali nitawataja waliokuwapo siku ile, wote, kwa sababu siku ile niliwahesabu vibaya na leo nataka kuwahesabu sawasawa.

Alikuwapo Mchungaji Thoya, amesimama mbele na Biblia yake kuukuu aliyoifunga kwa ukanda wa mpira. Alikuwapo Mzee Charo, mzee wa kanisa, na mkewe Mama Fondo. Walikuwapo Baba Yaa na Baba Baya, niliofanya nao kazi ya chumvi. Alikuwapo Mwalimu Karisa wa chekechea, na Mama Riziki, muuza samaki. Walikuwapo Sidi na Kabibi, ndugu wa tumbo moja, ambao ndio waliokuwa kwaya yetu. Alikuwapo Kazungu, mpiga kayamba, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono yake. Nyuma kabisa, ameegemea ukuta kwa sababu ya mgongo, alikaa Bibi Mbodze. Na karibu na mlango alikaa Mama Kache, mjane, aliyekuwa amelifagia kanisa lile na kuliletea maji kwa miaka sita bila kuombwa na mtu. Hao ndio waliokuwa na haki ya kuchagua. Ukimtoa mchungaji, ni watu kumi na mmoja.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, walikaa wadogo zangu watatu, Katana, Nyevu na Baraka. Pamoja nao alikuwa Kache, binti wa Mama Kache, mwanafunzi wa darasa la sita. Na mimi, Dama, wa miaka kumi na saba, nilisimama kando ya mchungaji na daftari mkononi.

Usijilazimishe kuyashika majina yote. Shika la Mama Kache na la binti yake. Mengine nimeyataja kwa heshima yao, maana wanne kati ya wale kumi na mmoja hawapo tena duniani.

Ndugu zangu, wengi wenu hapa Malindi mnanijua kwa vitabu. Mnanikaribisha viti vya mbele na kuniita mwandishi, nami naitika. Wachache wanajua kwamba niliacha shule nikiwa darasa la saba. Baba alikufa, na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Sare yangu nikampa Nyevu aikunje mikono, nikaenda kutafuta kazi kwenye chumvi kule Marereni.

Asiyeijua kazi ile nimwambie kwa ufupi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, jua likayakausha, na chumvi inayobaki unaikwangua na kuibeba hadi kwenye lundo. Weupe wake huumiza macho. Nyayo hupasuka magaga, na chumvi huingia humo humo. Lakini nikikumbuka siku zile, kinachonijia kwanza si maumivu. Namkumbuka Nyevu akinipaka mafuta ya nazi jioni, akizipa nyufa za miguu yangu majina ya mito. "Huu ni Sabaki, dada. Leo umefurika." Namkumbuka Katana akitwanga mahindi huku akilalamika kwamba hiyo si kazi ya mwanamume, na Baraka mdogo akimjibu, "Basi usile, nitakusaidia." Tulikuwa maskini, na tulicheka sana. Ningepewa nafasi ya kurudi jioni moja tu, ningerudi kwenye jioni kama hizo.

Halafu mvua za masika zikaangusha nyumba yetu. Ukuta wa udongo ulilowa siku nne, siku ya tano ukalala chini. Tukagawanywa. Katana alichukuliwa na Baba Yaa, Nyevu na Baraka wakaenda kwa Mama Riziki, na mimi nikawa mtu wa kuomba pa kulala leo hapa, kesho kule. Ndipo shangazi yetu akaja kutoka mjini akasema amepata nyumba ya watu inayotaka msichana wa kazi, kwa hiyo atamchukua Nyevu. Nyevu alikuwa na miaka kumi. Mama aliponishika mkono mara ya mwisho aliniomba jambo moja, nisiwatawanye. Nami nilikuwa nimeshawatawanya.

Sasa, nyuma ya kanisa letu kulikuwa na chumba.

Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo na makuti. Palikuwa na tundu kwenye paa ambalo jua la asubuhi lilipenyeza mwanga wake, na mwanga ule ulitembea polepole juu ya watu wakati wa mahubiri. Ukimfikia Mzee Charo, tulijua mahubiri yamekaribia kwisha. Leo kanisa lile ni la matofali, lina viti vya plastiki na kipaza sauti, na namshukuru Mungu kwa hayo. Lakini naukumbuka ule mwanga, nalikumbuka kayamba la Kazungu, na harufu ya makuti yaliyolowa. Nyuma yake tulikuwa tumejenga chumba kimoja kizuri kwa ajili ya wahubiri wageni. Kilikuwa na mabati, sakafu ya saruji na mlango wa kufungwa kwa kufuli. Wahubiri hawakuja. Mchungaji akasema ni aibu chumba kikae kitupu na kondoo wananyeshewa, kwa hiyo apewe mwenye shida.

Wenye shida tulikuwa wawili. Mimi na wadogo zangu, na Mama Kache. Mumewe alikuwa mmoja wa waliokandika kuta za kanisa lile kwa mikono yao. Alipokufa, ndugu za mume walianza kwa kumbomolea jiko, na kila mtu alijua nyumba ndiyo inayofuata.

Mchungaji hakutaka kuamua peke yake. Alisema kanisa ni la watu, watu wachague. Lakini pale petu, ukiinua mkono mbele ya jirani, jirani ataukumbuka mkono huo mpaka siku ya kukuzika. Karatasi za kura hatukuwa nazo, na nusu ya watu hawakujua kuandika. Basi tulikuwa na njia yetu. Mchungaji anaomba, wote wanafumba macho, na wakiwa wamefumba wanainua mikono. Mtu mmoja tu ndiye anayebaki macho wazi, naye ni karani, ahesabu na kuandika. Karani nilikuwa mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno juu ya mimi kuhesabu, ilhali jambo lenyewe lilinihusu.

"Neno gani?" akasema Mzee Charo. "Huyu mtoto amebatizwa nikiona. Akisema sita ni sita."

"Mimi nina neno," akasema Kazungu. "Mtu akisinzia na mkono ukiwa juu, anahesabiwa?"

"Wewe ukinyamaza ndio tutajua umesinzia," Mama Riziki akamjibu, na kanisa zima likacheka. Mama Kache alicheka pia, akanitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, Dama ahesabu.

Macho yakafumbwa. Mchungaji akaomba. Kisha akasema wanaotaka chumba apewe Mama Kache wainue mikono. Nikahesabu sita. Nikahesabu tena, sita. Akasema washushe, na wanaotaka wapewe watoto wa marehemu wainue. Wakainua Baba Yaa na Baba Baya, Mwalimu Karisa, na Sidi. Wanne. Na karibu na mlango, mkono wa tano ukapanda taratibu. Ulikuwa wa Mama Kache. Alikuwa amefumba macho kabisa, uso umeinama, anatuchagua sisi.

Ndugu zangu, nimeandika riwaya tatu na sijui kuandika kilichonipata pale. Niliuona mkono ule vizuri, na vidole vyake vilivyopasuka kwa kulifagia kanisa na kulichotea maji. Nikamwona Nyevu kupitia mlangoni, anacheza kombe na Kache, wamepanga makombe yao mchangani. Mchungaji akasema amina, watu wakafumbua macho, nami nikasoma kwa sauti isiyotetemeka: "Mama Kache, watano. Watoto wa marehemu, sita."

Niliuhamisha mkono mmoja tu. Nikaandika kwenye daftari, mchungaji akatia sahihi. Mama Kache alikuwa wa kwanza kuja kunikumbatia.

Tukahamia. Shangazi akarudi mjini bila Nyevu. Baada ya wiki tatu ndugu za mume walimtoa Mama Kache, naye akachukua binti yake wakaenda Jilore kwa kaka yake, kulima.

Na chumba kile, ndugu zangu, ndicho kilichonifanya mwandishi. Humo mlikuwa na sanduku la madaftari ya shule ya Jumapili ambayo hayajaandikwa. Kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye chumvi niliwasha koroboi nikaandika. Nilianza kwa barua za watu, nikaja kwenye visa vya wafanyakazi wenzangu, mwisho hadithi ndefu. Wadogo zangu walilala pembeni, wote watatu kwenye mkeka mmoja, na pumzi zao ndizo zilizokuwa muziki wangu. Nawaambia kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sijawahi kuwa mbali na Mungu kama vile. Vyote viwili vilikaa chumba kimoja.

Maana tangu siku ile sikuweza kuomba nikiwa nimefumba macho. Nikifumba, naona mikono. Inapanda mmoja mmoja, na wa mwisho ni ule wa karibu na mlango. Miaka ishirini na miwili niliimba, nikatoa sadaka, nikafundisha watoto Biblia, na wakati wa maombi nikatazama sakafu. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Mbona sikuliungama mapema? Mwanzoni niliogopa tutafukuzwa. Baadaye wadogo zangu walikua, Katana akaoa, Nyevu akawa muuguzi, tukatoka katika chumba, na hofu ile ikapoteza sababu yake. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshaandika kitabu.

Kitabu hicho ndicho mlichokipenda. Ni hadithi ya kijiji kinachomchagua kiongozi wake, na karani anayeiba kura. Huyo karani nilimpa tumbo kubwa, saa ya dhahabu na kicheko kibaya. Hana mke, hana ndugu, hapendi mtu. Watu wakakisoma wakasema mwandishi huyu ana ujasiri, anaijua nchi. Nikaitwa mashuleni na kumbini kuzungumza juu ya demokrasia. Nilikuwa na maneno mazuri. Nilisema kura ni sauti ya mnyonge, na aiibaye amemziba mnyonge kinywa. Watu walipiga makofi, nami nilijua kila neno ni kweli.

Mwaka juzi niliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa hapa mjini. Baada ya hotuba watu waliuliza maswali, na wa mwisho alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa mji wa kale, mwenye duka la vitambaa, kanzu yake nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema:

"Binti yangu, nimekisoma kitabu chako chote, kwa miwani ya mke wangu, maana yangu imevunjika. Ahsante sana. Nina dukuduku moja tu. Huyu karani mwizi, mbona hana mama?"

Watu wakacheka. Nikamuuliza ana maana gani.

"Niwie radhi," akasema. "Mimi nimepima vitambaa miaka arobaini. Mwenye kupunja inchi mbili tatu namjua. Si mtu wa tumbo kubwa. Ni mtu ana watoto nyumbani, anampenda mamake, na siku ile ana shida. Huyu wako mimi sikumuamini. Umemchora mtu usiyetaka kufanana naye."

Akaketi. Mwenye kuongoza mkutano akanishukuru, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Mimi sikusikia kitu.

Ndugu zangu, Mungu humtumia amtakaye. Nilikuwa nimesikiliza mahubiri elfu moja na zaidi, na hakuna lililonifikia. Akamtuma muuza vitambaa na swali la uandishi.

Kwa wiki nyingi sikuweza kuandika hata barua. Kisha mchana mmoja, baada ya adhuhuri, niliketi mezani nikasema nitamjibu yule mzee kwa kazi. Nitamwandika karani upya. Nikampa miaka kumi na saba. Nikampa ndugu watatu. Nikampa magaga miguuni na mama aliyemwomba jambo moja. Kalamu ilikimbia kama haijawahi kukimbia, na nilipofika mahali anapohesabu mikono, ikasimama. Niliona kwamba hii si riwaya. Na niliona jambo jingine baya zaidi, kwamba hadithi yangu ya kwanza ya kubuni sikuiandika kwenye madaftari ya shule ya Jumapili. Niliiandika kwenye daftari la kanisa, mistari miwili, na watu wote waliiamini.

Nikapiga magoti pale pale kati ya meza na kiti. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Bwana, karani ni mimi." Na nikafumba macho. Nilingoja mikono ije, haikuja. Palikuwa na giza tu, giza jema, kama la mtoto aliyefunikwa khanga na mamaye. Nilikaa humo mpaka muadhini alipoadhini alasiri. Siku hiyo Bwana alinifungua, na tangu siku hiyo naomba nikiwa nimefumba macho. Jina lake lisifiwe.

Lakini yeye aliyenifungua hakuniacha nikae. Jumapili iliyofuata nilikwenda Marereni. Mchungaji Thoya amestaafu, lakini alikuwapo, ameketi mbele na fimbo yake. Nikaomba ruhusa, nikasema yote kama nilivyowaambia ninyi. Nilipomaliza, sauti kavu ikatoka nyuma.

"Nilijua."

Alikuwa Bibi Mbodze. Leo haoni tena, na hakuna ajuaye umri wake.

"Siku ile nilichungulia," akasema. "Jicho moja tu. Nilihesabu mikono sita ya Mama Kache."

"Bibi, mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje? Mchungaji ametuambia tufumbe macho, ni maombi. Niseme nimeona? Si wangeniuliza nimeonaje?"

"Kumbe ndiyo maana Mungu akayachukua yote mawili," akasema Kazungu, na Mama Fondo akampiga kofi la bega. Bibi Mbodze akacheka mpaka akakohoa. Halafu akalia. Miaka yote ile alikuwa amebeba na yeye, kwa sababu hakuweza kunishtaki bila kujishtaki.

Watu wakiniuliza sasa demokrasia ni nini, sisemi tena yale maneno mazuri. Nawasimulia kanisa la udongo ambalo watu wake wema walichanganya mambo mawili. Kuna kufumba macho mbele za Mungu, na hiyo ni imani. Na kuna kufumba macho mbele ya mtu anayekuhesabu. Hilo hata awe yatima, hata uwe ulimwona akibatizwa, usimfanyie, maana utakuwa umemtwika mzigo ambao hukumpima kama anauweza. Sisemi haya ili kujitetea. Mkono niliuhamisha mimi. Lakini leo kanisa lile linachagua macho wazi, kwa punje za mahindi ndani ya vibuyu viwili, na wanahesabu watatu kwa sauti.

Daftari la zamani lilitafutwa likapatikana. Mchungaji Thoya akapiga mstari juu ya maneno yangu, akaandika hesabu ya kweli, na waliobaki Marereni wakatia sahihi, wengine dole gumba. Mahali pa Mama Kache paliachwa wazi.

Basi nikaenda Jilore. Nilimkuta uani, amezeeka, anapukuchua mahindi. Akaniinulia macho.

"Dama wa Marereni? Karibu, mwanangu. Pita upande huu, hapo utakanyaga mahindi yangu."

Nikaketi chini karibu naye, nikasema yote. Hakuacha kupukuchua hadi nilipofika kwenye hesabu. Hapo mikono yake ikatulia.

"Mkono wangu uliuona?" akauliza.

"Niliuona, mama."

"Basi ulijua nimekuchagua wewe."

"Nilijua."

Halafu akasema neno ambalo nitakwenda nalo kaburini. "Dama, hata kama ningeshinda, nilikuwa nimekusudia tukae sote. Nyinyi upande mmoja, sisi upande mmoja. Nafasi ilikuwapo. Kujichagua mwenyewe niliona haya, lakini nilitamani kwanza wao waseme ni changu, ili shemeji zangu wajue nina watu."

Mimi niliiba chumba ambacho ningepewa bure. Nililia pale chini kama siku niliyomzika mama. Mama Kache aliniwekea mkono kichwani, ule ule, akasema amenisamehe, na kwamba Mungu aliyewalea wadogo zangu hakukosea. Nikamwomba atie sahihi kwenye daftari. Akacheka, akasema hajui kuandika, akachovya dole.

Ningependa ushuhuda wangu uishie hapo. Ningekuwa naandika riwaya, ungeishia hapo. Lakini mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama mwanamke, mtoto mgongoni, na alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa Kache.

"Mama amesamehe chake," akasema. "Changu ni changu."

"Kache," mamaye akamwambia, "mgeni huyu."

"Si mgeni, mama. Tumecheza kombe na mdogo wake." Akanigeukia. "Nilikuwa wa kwanza darasani, unajua? Hapa shule ilikuwa mbali, na mama alikuwa analima mashamba ya watu, nami nikalima naye. Sikuliona darasa la saba. Wewe uliacha shule kwa sababu ya kifo, dada. Mimi niliacha kwa sababu yako."

Nikasema lolote analotaka nitalifanya. Nikataja karo ya watoto wake.

"Watoto wangu wana baba yao," akasema. "Usininunue. Vitabu vyako vimo hapa, watu wameniletea. Sijavisoma. Nilikuwa nasema huyu ametoka kwetu, nitavisoma siku nikitulia." Akaingia jikoni.

Ndugu zangu, nilirudi Malindi nikiwa na hasira, na nitawaambia ukweli, hasira yenyewe ilikuwa kwa Mungu. Nilimwambia, si umenisamehe? Mbona basi? Ikanichukua siku nyingi kuelewa kwamba nilitaka tena kuhesabu mkono usioinuliwa. Mama yake hawezi kunisamehe kwa niaba yake. Kanisa haliwezi. Na ninasema kwa hofu, hata Bwana, aliyenifuta dhambi yangu, hakumnyang'anya Kache haki ya kusema hapana. Huo ndio ukuu wake, nami namwabudu kwa ajili ya huo.

Nimekwenda Jilore mara tano tangu siku ile. Siendi kumwomba. Nakwenda kumsaidia mama yake palizi, na jioni narudi. Mara mbili Kache hakutoka. Mara mbili alinisalimu. Mara ya mwisho alinikuta nimechoka, akanipa maji kwenye kata, akangoja ninywe, akaichukua kata akaenda zake.

Wewe unayenisikiliza, huenda na wewe kuna mahali ulikuwa peke yako macho wazi, na watu wakakuamini. Nakusihi, mtegemee Bwana. Hatakuua. Sema naye leo, fumba macho yako, uone kama hatakupa lile giza jema. Kisha inuka uende kwa yule uliyemkosea, wala usiende na jibu lake mfukoni.

Namshukuru Mungu kwa baba na mama, kwa wadogo zangu walio hai na walio pamoja, kwa muuza vitambaa, kwa Mama Kache aliyetuchagua. Mungu amenisamehe. Kanisa limenisamehe. Mama Kache amenisamehe. Kache bado ananidai.